Mnyororo wa Hatua Nne

"Ufunguo uko wapi?"

"Nimeshakwambia sijui."

"Unajua. Ama uko shingoni mwako ama uko kwenye pipa la mchele. Nitolee, Mama."

"Ili balozi aje tena kunisimamia mlangoni? Tulitoa neno mbele ya watu, Nang. Neno halimezwi."

"Neno ulitoa wewe."

"Na mnyororo ulinunua nani?"

Mnyororo nilinunua mimi. Nilitumwa dukani, muuzaji akaniuliza ni wa mbwa au wa kufungia pikipiki, nikamwambia wa pikipiki, nikachagua ule mrefu kidogo kwa sababu niliona aibu kuchukua mfupi. Mita mbili na nusu. Ukiufunga kwenye nguzo ya zizi la mbuzi, na ncha ya pili ukaifunga kwenye kifundo cha mguu wa mtu mzima, anapata hatua nne kwenda na nne kurudi. Najua kwa sababu nimezisikiliza miezi minane, chumba changu kimepakana na zizi.

Aliyefungwa ni kaka yangu Tugi; mimi namwita Mas, yaani kaka, Mas Tugi.

Mama alikuwa amekaa jikoni, ungo wa mchele mapajani, anaokota mawe, haniangalii. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Saa nne mashindano ya ndege yangeanza kwenye uwanja wa kata, na mimi nilihitaji ule ufunguo siku hiyo, si kesho yake. Sababu yenyewe Mama alikuwa haijui. Hakuna aliyeijua ila mimi.

Mas Tugi ana miaka thelathini na mbili, mimi ishirini na tatu. Kuna karatasi ya kituo cha afya inayosema ana ulemavu wa akili, lakini hapa kijijini hakuna aliyewahi kuhitaji karatasi. Anahesabu mpaka nne, baada ya nne anasema nyingi. Ukimwambia jana, kwake jana ni siku yoyote iliyopita. Anavaa shati nje ndani na ukimwambia anacheka kama wewe ndiye umekosea. Ila mfumbe macho, mpitishe chini ya matundu thelathini ya ndege, atakwambia huyu wa nani, huyu ana njaa, huyu jana alitishwa na paka. Na huku kwetu kila nyumba ina ndege. Wazee wanasema mwanamume hajakamilika mpaka awe na nyumba, mke, kisu cha urithi, farasi na ndege. Farasi siku hizi ni honda, na kisu watu wameuza, lakini ndege yupo. Mtu anaweza kukosa choo cha maana na bado tundu lake limechongwa maua.

Sote wawili tulifanya kazi kwa Pak Sukarman, yaani Bwana Sukarman, mwenye tanuri la vigae. Alikuwa na murai, ndege waimbaji, kumi na wawili wa mashindano. Mimi niliacha shule kidato cha pili kwa sababu nilichoka kukaa, sina sababu nyingine ya maana, nikawa nasugua matundu na kuwabeba ndege kwenda viwanjani. Kazi yenyewe hasa alifanya Mas Tugi. Alfajiri anawatundika nje wapigwe na umande. Kisha anawaogesha, anawaotesha jua, anawapa nyenje na mayai ya sisimizi wekundu, mchana anawafunika kila mmoja kwa kitambaa chake. Hakuwahi kukosea kitambaa hata siku moja, wakati mimi nilikosea kila wiki.

Murai hufundishwa. Unamtundika karibu na ndege wenye sauti nzuri, anaiba moja huku na moja kule, anazishona mpaka zinakuwa wimbo wake. Tatizo anaiba na mbaya. Akiiba mlio wa paka au wa bawaba ya mlango, bei yake imekufa. Ndiyo maana Pak Sukarman alimkataza Mas Tugi kupiga mluzi karibu na Petir, murai wake bora, ndege aliyemshindia vikombe mpaka kabati likajaa.

Mas Tugi alikuwa na mluzi mmoja tu maisha yake yote. Sauti tatu zinapanda, halafu pumzi inamkatikia, anameza mate, ndipo inatoka ya nne, fupi, kama kwikwi. Alipokatazwa alisema ndiyo, Pak. Na kila alfajiri, tajiri akiwa bado amelala, alisogea chini ya tundu la Petir akampigia mluzi wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake siri. Nilijua. Sikumwambia mtu. Ni jambo moja jema nililomfanyia mwaka ule, na hata hilo lilikuwa kunyamaza tu.

Sasa hili silipambi. Petir nilimwiba mimi.

Nilitaka kuondoka. Kuna wakala alipita akasema anatafuta vijana wa kazi za melini, anataka malipo ya awali. Alfajiri moja, matundu yakiwa kwenye umande na Mas Tugi ameenda nyuma kuchukua nyenje, nilimtoa Petir nikamtia kwenye kiboksi cha safari, nikaacha mlango wa tundu wazi. Nikampeleka mjini kwa dalali wa sokoni, na kabla jua halijakolea nilikuwa nimerudi nasugua vinyesi kama kawaida. Wakala akala pesa akapotea. Meli sijaiona mpaka leo.

Nilikuta Mas Tugi amesimama chini ya tundu tupu, kopo la nyenje limemwangukia miguuni, nyenje wanarukaruka uani kote. Anapiga mluzi, ananyamaza, anasikiliza, anapiga tena.

Nilikuwa nimeshafikiria. Mas Tugi alikuwa mtu wa kusamehewa. Aliwahi kula sahani ya sadaka kabla dua haijaisha, imamu akacheka. Aliwahi kumfungulia tetere wa Pak Wiryo, balozi wetu, eti mguu wake umevimba anataka kwenda kwao, na Pak Wiryo akampigapiga bega akasema mtu kama huyu haandikiwi dhambi. Wote hapa husema hivyo. Basi nikaona mzigo nikimtwika yeye utakuwa mwepesi. Mimi wangenivunja miguu. Yeye wangesikitika wiki moja wakasahau. Niliamini maneno ambayo watu huyasema siku ambazo hawajapoteza kitu, na hilo ndilo kosa lililozaa mengine yote.

Nikamvuta nyuma ya jiko.

"Watakuuliza," nikamwambia. "Sema ni wewe ulifungua mlango."

"Sikufungua, Nang."

"Najua. Wewe sema tu. Wewe hawakufanyi kitu."

Mas Tugi akifikiri unamwona, anakunja vidole kimoja kimoja na kuvikunjua. Akaniuliza Petir yuko wapi. Nikamwambia ameruka, yuko huko miongoni mwa nyumba za watu. Akaitikia kwa kichwa. Pak Sukarman alipokuja na msuli wake, uso umeshaelewa kabla mdomo haujauliza, Mas Tugi aliniangalia mimi kwanza. Kisha akasema, "Mimi."

Wiki ile ilienda kama nilivyofikiria. Pak Sukarman, mtu wa kufokea malori, alikaa kwenye tope chini ya tundu akalia, lakini hakumgusa. Majirani walimletea Mama ndizi za kukaanga. Nikajiona nina akili sana.

Ambacho sikukifikiria ni kwamba Mas Tugi ataniamini. Nilimwambia Petir yuko kwenye nyumba za watu, basi akaenda kumtafuta kwenye nyumba za watu. Kila alfajiri, ndege wakiwa nje kwenye umande, aliingia uani kwa mtu, akafunua kitambaa, akasikiliza. Ndege akiimba, anajua si yeye, anapita. Ndege akinyamaza, anafungua mlango ili amwone vizuri. Siku nne, nyumba saba. Mzee mmoja akapoteza perkutut aliyeachiwa na baba yake, ndege wa miaka kumi na tisa. Mwingine akapoteza ndege wa mahari ya bintiye. Hapo neno la kutoandikiwa dhambi likakoma, sikulisikia tena kwa mtu.

Kikao kilikuwa alasiri kwa Pak Wiryo, kwenye mikeka, chai ya sukari nyingi na karanga za kuchemsha. Watu walizungumza polepole na kwa adabu, na kwetu ukiona adabu imezidi hivyo ujue wameshaamua. Ama polisi, ama atulizwe nyumbani. Serikali imekataza kufunga watu, kila aliyekaa pale alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyetamka mnyororo. Walisema atulizwe. Mama ni mjane, alikuwa amekaa karibu na mlango na wanawake, akaulizwa mara moja tu. Akasema nyumbani.

Mimi nilikuwa nagawa chai. Nilipata muda wa kunywa glasi mbili. Neno moja lingetosha, na glasi ya kwanza nilijiambia nitasema nikimaliza hii. Ya pili sikujiambia kitu.

Siku ya kumfunga, Mas Tugi hakupigana. Aliuliza mpaka lini. Mama, ili tu anyamaze, akamwambia mpaka Petir arudi. Akaridhika. Akaomba kitambaa cha Petir, kile cha buluu, Pak Sukarman akakileta mwenyewe. Tangu hapo kila alfajiri nilisikia mnyororo ukiburutwa hatua nne mpaka kwenye upenyo wa ukuta, halafu mluzi, halafu kimya cha kusikiliza, halafu hatua nne kurudi.

Wiki tatu kabla ya Jumapili ninayoisimulia, nilibeba murai mwingine wa Pak Sukarman kwenda kwenye mashindano ya mji wa pili. Ndege wametundikwa kwenye mabomba katikati ya uwanja, waamuzi wanapita chini yao na vibendera, wenye ndege tuko nje ya kamba. Ndipo kutoka tundu namba kumi na nne nikasikia sauti tatu zinapanda. Kimya. Kwikwi.

Nilidhani Mas Tugi yuko nyuma yangu. Niligeuka kabisa.

Mwenye ndege alikuwa Pak Hendro wa Magetan, muuza dawa za mitishamba, mnene, mcheshi. Anamwambia kila mtu kwamba ile kwikwi ndiyo inayowamaliza waamuzi, hakuna murai mwingine Java nzima anayo, na hata yeye hajui ndege aliiiba wapi. Pak Sukarman alikuwa kando yangu kabisa. Hakumtambua. Ndege alishanyonyoka na kuota manyoya mapya, na ule mluzi Pak Sukarman hakuwahi kuusikia, maana alfajiri alikuwa kitandani. Alisikiliza mpaka mwisho akashusha pumzi, akaniambia angepata ndege mwenye sauti kama hiyo angemsahau Petir.

Nikasema ndiyo, Pak.

Niliporudi nilikaa na jambo hili wiki mbili na nusu. Watu wakimsikia yule ndege pamoja na Mas Tugi, wataelewa kwamba hakuruka, aliuzwa, na Mas Tugi hawezi hata kununua biskuti akarudi na chenji. Atafunguliwa. Na mimi nimekwisha. Vitu viwili hivyo havikutengana, nilivigeuza kila upande. Halafu Jumatano, alfajiri ikapita bila mluzi. Alhamisi hivyo hivyo. Mama akasema alhamdulillah, ametulia. Ijumaa nikaenda kuchungulia. Alikuwa amekaa, mgongo ukutani, kitambaa cha buluu kimekunjwa magotini, anaangalia upenyo lakini hauendei. Nikamuuliza mbona hapigi mluzi. Akasema, "Petir hanipendi tena, Nang."

Na Jumapili Pak Hendro alikuwa anakuja kwenye uwanja wetu.

Basi ndiyo maana nilikuwa jikoni kwa Mama. Alipouliza mnyororo ulinunua nani, nilisimama pale nikiangalia vidole vyake kwenye mchele. Kisha nikasema.

"Petir hakufunguliwa na Mas Tugi. Nilimwiba mimi. Nikamuuza."

Vidole viliendelea. Aliokota jiwe, akaliweka kando. Akaokota jingine.

"Sema tena."

Nikasema tena, na nikaongeza la nyuma ya jiko, kwamba nilimfundisha aseme ni yeye. Mama akaweka ungo chini. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingiza mkono kwenye pipa la mchele mpaka kwapani, akatoa ufunguo umefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Hakunipa mkononi. Aliuweka sakafuni katikati yetu.

"Miezi minane namwambia mwanangu atubu," akasema. "Kila nikimpelekea wali namwambia, Tugi, omba msamaha kwa Mungu. Na anaomba."

Nikainama kuuokota.

"Utawaambia na wao kama ulivyoniambia mimi?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kamchukue." Akachukua ungo akanipa mgongo.

Kufuli lilikuwa limeshika kutu, nikalipiga kwa jiwe ndipo likakubali. Mguu wake pale palipokuwa na pete ya mnyororo ni mwembamba kuliko mkono wangu, ngozi nyeusi inang'aa kama ganda la tufaa lililooza. Hakuinuka. Nilimwambia Petir amerudi, akasema, "Uongo." Mas Tugi hakuwahi kuniambia hivyo tangu nizaliwe. Nikamwinua, nikamweka mkono begani kwangu, nikamburuta mpaka kwenye pikipiki, nikamfunga kiunoni kwangu kwa msuli ili asianguke. Kitambaa alikuwa amekitia ndani ya shati.

Tulifika raundi ya murai imeshaanza. Watu walituona. Sauti za kushangilia zilipungua kutoka upande mmoja wa kamba mpaka mwingine kama mvua inavyohama paa. Pak Wiryo akaja haraka haraka, bado ana adabu zake, akaniuliza kwa sauti ya chini nani amemtoa huyu.

"Mimi, Pak."

"Unajua tulikubaliana nini."

"Najua. Naomba dakika moja tu."

Nikamsogeza Mas Tugi mpaka kwenye kamba. Ndege thelathini wanaimba kwa pamoja, huwezi kuwatenga kama hukuzoea. Mas Tugi alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha kikainuka, taratibu, kikageuka kuelekea namba kumi na nne. Akalamba midomo. Ilikuwa imepasuka, mara ya kwanza ikatoka pumzi tupu. Mara ya pili ikatoka: sauti tatu, akameza mate, ya nne.

Petir alinyamaza katikati ya wimbo. Aligeuka kwenye fito, mkia ukashuka, akaja upande wetu mpaka kifua kikagusa nyuzi za tundu. Akamjibu. Sauti tatu, kimya, kwikwi.

Mwamuzi alianza kufoka kwamba kupiga mluzi ni marufuku, namba kumi na nne imeondolewa. Pak Sukarman akamwinulia mkono anyamaze. Alikuwa amekuja nyuma yetu sijui saa ngapi.

"Mwambie apige tena," akaniambia, macho juu. "Lakini asimalize."

Nikamwambia Mas Tugi. Akapiga sauti tatu, akaacha. Kule juu, Petir akamalizia ya nne.

Pak Hendro alikuja na jasho lake, anaapa kwamba ndege ni wake, alimnunua kwa dalali wa sokoni mwaka jana, picha anazo kwenye simu, hakumwibia mtu. Hakuna aliyemshuku. Pak Sukarman alitazama picha ya kwanza, akaangalia tarehe, akamrudishia simu kwa mikono miwili.

"Ndege aliyeruka mwenyewe," akasema, "haendi kwa dalali."

Kisha akamgeukia Mas Tugi, na alimwuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionikata. "Tugi. Nani alimchukua Petir?"

Mas Tugi akajinyoosha. Akaunganisha mikono mbele kama mtoto anayesomeshwa.

"Mimi," akasema. "Mimi nilifungua."

"Acha, Mas," nikamwambia. "Si yeye, Pak. Nilimwiba mimi alfajiri yeye akiwa kwenye nyenje. Nikamuuza mimi. Mas Tugi hakufanya kitu."

Mas Tugi alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa, kama mtu aliyejifunza jambo kwa shida na sasa anaambiwa silo.

"Lakini ulisema niseme."

Nimepigwa mara nyingi, na baba kabla hajafa, na walimu, na watu wa sokoni. Nilimwomba Mungu Pak Sukarman anipige. Hakunipiga. Alikuwa anaangalia chini, kwenye kifundo cha mguu wa Mas Tugi. Watu waliokuwa karibu nao wakaangalia. Pak Wiryo alianza kusema kwamba kikao kilifanya kwa nia njema, akafika katikati ya sentensi akaiacha, akawa anaangalia kandambili zake. Yule mzee wa perkutut akatema mate kando, sijui alinitemea mimi au kikao.

"Kesho asubuhi mimi na wewe tutaenda kituo cha polisi," Pak Sukarman akaniambia. "Ukimbie usikimbie, nitaenda. Na mimi nina langu la kuwaeleza."

Nikasema sikimbii. Hakunisikiliza.

Pak Hendro ndiye alimshusha Petir kwa fimbo yenye ndoano, tundu likasimama kwenye nyasi. Alikuwa hajui amweke wapi, wala ni wa nani sasa. Mas Tugi akapiga magoti mbele yake, polepole, mguu mbovu pembeni. Petir alikuwa anahema, mdomo wazi.

"Amechoka," Mas Tugi akasema. "Nimfunike?"

Pak Hendro akaitikia. Mas Tugi akatoa kitambaa cha buluu ndani ya shati, akakikung'uta, akakishusha juu ya tundu, akafunga kamba chini kama alivyokuwa akifunga zamani, akapigapiga juu kwa kiganja mara mbili. Ndani, ndege akatulia.

Nilimsogelea. Nikamshushia bega ili aegemee, kama tulivyokuja.

"Mas, twende nyumbani. Mama anatungoja."

Aliliangalia bega langu muda mrefu, anakunja vidole na kuvikunjua.

"Petir amerudi," akasema.

"Eeh, amerudi."

"Basi."

Akaliinua tundu mwenyewe, akalikumbatia kifuani, si Pak Hendro wala Pak Sukarman aliyemzuia. Akanipa mgongo akaanza kwenda, anaburuta mguu, watu wanampisha. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Hapo akasimama. Akaangalia chini kwenye mguu wake, akausogeza mbele kidogo kama anayejaribu maji, akasubiri. Hakuna kilichomvuta. Akapiga ya tano, akaendelea kwenda.